Mgonjwa Akishaombewa, Aache Dawa?

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta swali ambalo makanisani kwetu huulizwa kwa kunong'ona: mgonjwa akishaombewa, akasikia moyoni kwamba Bwana amemgusa, aendelee kumeza dawa au aziache? Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Aendelee nazo mpaka yule aliyempima ampime tena; na mtumishi anayemwambia aziache ili aonyeshe imani anamnyang'anya kitu kilekile alichokuja kukitafuta, yaani pumziko.

Sisemi haya kwa kuyadharau maombi. Mimi ni mzee wa kanisa, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ni kuwazuru wagonjwa majumbani. Nimemwona mtu aliyekosa usingizi kwa hofu ya upasuaji akisomewa Zaburi ya 23 taratibu, akashikwa mkono, akaombewa kwa sauti ya chini, na kabla hatujafika kwenye amina akawa amesinzia, kidole chake kikiwa bado kati ya kurasa za Biblia. Usingizi ule ulikuwa afya, wala hakuna atakayenishawishi kwamba ulikuwa jambo dogo.

Lakini nimemwona pia mama mmoja wa mtaani kwetu, mgonjwa wa presha wa miaka mingi, aliyezoea kufunga vidonge vyake kwenye pindo la kanga ili asivisahau. Katika mkesha mmoja wa maombezi aliambiwa kwamba kuendelea kuvimeza ni kumwambia Mungu kuwa hamwamini. Akalifungua pindo, akavitupa. Kiharusi kilipompata, kilichomtesa kuliko mkono uliopooza ni kuamini kwamba imani yake ndiyo iliyopungua, na hadi leo hukesha akijihoji ni dhambi gani hakuiungama. Aliingia mle akitafuta amani, akatoka na hofu mpya.

Taifa letu limeshaipita njia hii. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, aliyesema ameoteshwa na Mungu dawa ile. Kikombe kilikuwa shilingi 500, kikaaminiwa kutibu kisukari, presha, saratani, pumu na hata UKIMWI. Bei ilikuwa ndogo, nami sina sababu ya kuishuku nia ya Babu; ila wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakafia kwenye foleni ya magari, na wapo waliorudi makwao wakaacha dawa wakidhani safari ya matibabu imekwisha. Karibuni tujadiliane kwa heshima.

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma kwa makini, na kuhusu yule mama ninakuunga mkono. Hata hivyo, naona umemlaumu mhubiri ukaisahau hospitali. Mgonjwa wa kipato cha chini huamka saa kumi alfajiri, hupanga foleni mpaka saa sita, huingia kwa daktari ambaye hainui macho kwenye karatasi, kisha huambiwa kwamba dawa aliyoandikiwa haipo dirishani, akainunue nje. Mtu huyohuyo akienda kwenye maombi huulizwa jina lake, huwekewa mikono, na watu wasiomfahamu humlilia Mungu kwa ajili yake. Je, tunashangaa akiwaamini hawa kuliko wale?

Tena, mzee, tusiifanye imani kuwa kitulizo tu. Katika Yohana sura ya 5 Bwana alimkuta mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38. Hakumpa faraja kisha akamwacha alale vizuri zaidi kwenye godoro lake, bali alimwambia asimame, ajitwike godoro, aende. Kanisa linalowaambia watu daima kwamba wasitarajie zaidi ya utulivu wa moyo limeacha sehemu ya Injili. Mimi mwenyewe niliombewa nikiwa na maumivu ya mgongo yaliyonisumbua kwa muda mrefu, yakaondoka, na sitaona haya kulisema hilo.

Mchangiaji wa pili

Mzee wetu, na wewe kaka uliyetangulia, nawasalimu. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na ni Mkristo. Naomba niseme jambo moja ambalo huenda wahubiri wengi hawalijui. Mteja anayemeza dawa vizuri hufika mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena. Karatasi ile huchukuliwa hadi madhabahuni, husomwa mbele ya waumini kama ushahidi wa uponyaji, watu hushangilia, naye huacha dawa, ilhali majibu yale mazuri yameletwa na dawa zilezile anazoziacha. Virusi vilivyojificha mwilini huanza kuongezeka tena kwa kawaida ndani ya wiki chache. Wengine hurudi kwetu wakiwa wamekonda na kuona aibu, wengine hawarudi.

Kuhusu maombi na afya, nimesoma mambo mawili yanayofaa kuwekwa mezani. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini kulishusha pumzi za waliosali hadi kama sita kwa dakika, kasi inayousaidia moyo na mishipa kufanya kazi kwa utulivu. Waliopimwa walikuwa 23 tu, lakini nilichokisoma kinafanana na ninachokiona wodini. Kisha mwaka 2006, Marekani, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo walifuatiliwa, na wale waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59, kuliko walioombewa bila kuwa na hakika, asilimia 52. Sisemi kwamba maombi yaliwadhuru, maana tofauti ile yaweza kuwa ya bahati tu. Watafiti wenyewe walidokeza kwamba huenda kujua vile kuliwatia wasiwasi, nami nilipokisoma hicho niliwakumbuka wagonjwa wangu wanaojiona wako kwenye mtihani.

Mleta mada

Ahsante sana binti yangu kwa maelezo ya kliniki. Hilo la karatasi ya majibu nitalifikisha kwenye baraza la wazee.

Kijana wangu, marahaba, nami namshukuru Mungu kwa mgongo wako. Sijasema watu wasitarajie kuponywa. Nasema kwamba aliyeponywa hapotezi kitu akipimwa: Bwana aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliokagua ugonjwa na kuthibitisha kwamba umekwisha. Na mfalme Hezekia alipoahidiwa na Bwana kwa kinywa cha Isaya kwamba angepona, nabii huyohuyo aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na dawa ikatumika vilevile. Sioni mahali ambapo Hezekia alikemewa kwa kukosa imani.

Neno lako kuhusu hospitali nalipokea lote. Ila soma Yakobo 5:14 pamoja nami: mgonjwa ndiye anayewaita wazee, na wazee ndio wanaokwenda kwake kumwombea na kumpaka mafuta. Sisi tumeigeuza, tumemfanya mgonjwa asafiri, apange foleni, asimame mbele ya umati na kutakiwa aseme amepona papo hapo. Ombi langu kwa makanisa ni la vitendo: ushuhuda wa kupona ugonjwa mkubwa usitolewe madhabahuni kabla mwenye nao hajarudi kliniki, na wale wanaojua kuomba wapangwe zamu za kumsindikiza mgonjwa saa kumi alfajiri, wakae naye kwenye benchi, wamsaidie kuuliza dawa inamezwaje, na jioni waombe naye nyumbani. Wewe unayesema mgonjwa huyu hana anayemwuliza jina, je, kanisani kwenu mko tayari kuanza zamu hizo?