Siku moja ya Julai: Oxford au Cambridge?

BintiKae
Asalaam aleikum wadau, na wengine habari zenu. Tunatua Heathrow wiki ya pili ya Julai, tunafikia kwa dada yangu London. Nimetenga siku moja tu ya kwenda mji wa chuo, maana kijana wangu wa miaka 14 ameshatangaza kwamba atasoma huko (kwa ada ya nani sijui). Tupo wanne: mimi, yeye, mdogo wake wa miaka 7 asiyesikia lolote ila wanyama, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Oxford au Cambridge? Tafadhali msiniambie "kote kuzuri".

mzee_wa_treni
Dada, anza na safari, uzuri baadaye. Cambridge panda King's Cross, treni za haraka ni kama dakika 50. Ukipandia Liverpool Street utafika pia, ila ni zaidi ya saa nzima. Oxford ni Paddington au Marylebone, kama saa moja. Hapo ni sare. Tofauti inakuja mkishashuka: stesheni ya Oxford ni dakika 10 hivi kwa mguu mpaka mjini. Ya Cambridge waliiweka mbali na mji, na kwa mwendo wa bi mkubwa ni nusu saa au zaidi. Weka kabisa hela ya teksi.

Na usije ukajidanganya kuunganisha miji yote miwili siku hiyohiyo. Hakuna treni ya moja kwa moja kati yao. Reli ya zamani ilifungwa mwishoni mwa 1967, kwa hiyo utalazimika kurudi London kwanza.

ShangaziBaridi
Nimekaa Oxford miaka minne, kwa hiyo jueni napendelea. Mtoto wa miaka 7 mpeleke University Museum of Natural History. Jengo lenyewe ni la 1860, paa la vioo, chini mifupa ya dinosaria. Na humo wana mabaki ya dodo, yule ndege wa Mauritius aliyemalizwa karne ya 17, yenye ngozi ya kichwani. Ngozi ya dodo haijabaki kwingine duniani. (Wangu nilipomwambia tunakwenda kuona dodo aliniuliza kama abebe chumvi na pilipili. Kwetu dodo ni embe.)

Nyuma ya ukumbi huohuo kuna mlango wa makumbusho ya Pitt Rivers, na huyo kijana wako asiukose. Vitu vya dunia nzima vimesongamana kwenye kabati, na havikupangwa kwa nchi bali kwa kazi yake: ngoma na ngoma, taa na taa, nyavu na nyavu. Mnara wa Babeli. Utacheka na utakasirika. Vichwa vya watu walivyokuwa wakivionyesha waliviondoa 2020, na Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya walikwenda wenyewe kueleza ni vitu vipi vyao havikupaswa kuwa mle kabisa. Mimi hapo nilisimama muda mrefu kuliko kwenye kanisa lolote la mji ule. Kuingia kote ni bure.

KijanaWaCam
Shangazi, kwa heshima, makumbusho London yamejaa tele, na ya bure. Mtu anakwenda mji wa chuo akaone chuo. Oxford koleji (vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu) zimejificha nyuma ya kuta, unapita barabarani unaona malango na mlinzi mwenye kofia. Cambridge koleji kubwa zimeupa mto mgongo: King's, Trinity, St John's na nyingine. Unakaa kwenye mashua, unasukumwa, zinakupitia moja baada ya nyingine pamoja na madaraja yake. Kama dakika 45 hivi umeshaona ambacho kwa miguu kingekuchukua nusu siku. Kwa mama mwenye magoti, kuna mjadala?

Kisha kanisa la King's. Lilianza kujengwa 1446, na dari lake la mawe limefunguka kama majani ya mkoche yanayogusana ncha. Kuingia ni kwa kulipa, sawa na koleji ya Christ Church kule Oxford, kwa hiyo hapo asitishwe mtu.

mpigapondo
Mjadala upo, kijana. Nimezaliwa kisiwani, pondo (mti mrefu wa kusukumia mashua) nimeishika kabla ya kalamu, na mashua hizo nimezipiga pande zote mbili.

Kwanza ubishi wao: Cambridge msukumaji anasimama juu ya sitaha, nyuma. Oxford anasimama ndani, upande wa chini ulioinama, na sitaha inatangulia mbele. Kila mmoja anaapa mwenzake anaendesha kinyumenyume. Mimi kwenye mto Cherwell, huko Oxford, nilijifanya fundi mbele ya wenyeji, pondo ikanasa kwenye tope, nikaing'ang'ania. Mashua ikaenda zake. Mimi nikabaki na mti wangu katikati ya mto, nikishuka polepole kama bendera jioni. Pondo ikinasa, iachie. Kasia la akiba huwa lipo mashuani.

Sasa magoti. Mashua hizo ni bapa, unakaa kwenye mto wa godoro karibu sana na sakafu, miguu umenyoosha. Kukaa si kazi, kazi ni kuinuka, na gati lenyewe liko juu yako. Mama yangu mdogo tulimtoa watu watatu. Oxford pale Folly Bridge kuna boti za abiria za injini, zina viti kama vya watu. Zinashuka Thames taratibu. Huzioni koleji nyingi, lakini unashuka na heshima yako.

Halafu Cambridge, toka stesheni mpaka barabara ya King's Parade, kuna vijana wa kuuza safari za mashua. Bei ya wa kwanza si bei. Mimi nililipa ya kwanza, na hatua 40 mbele nikatajiwa nyingine iliyonitia uchungu siku nzima.

KijanaWaCam
Hilo la kuinuka sikulifikiria, nakubali. Ila la bei hata kariakoo yoyote iko hivyohivyo.

mtihani_bado
Naongeza la tarehe. Julai umechagua vizuri bila kujua. Mei mpaka katikati ya Juni ni mitihani, koleji nyingi za Cambridge zinafungia wageni nje. Oxford wakati huo unakutana na watahiniwa njiani wamevaa majoho na ua kifuani: jeupe mtihani wa kwanza, la waridi katikati, jekundu wa mwisho. Cambridge nao wana "May Week" ambayo iko Juni, msiniulize kwa nini. Wakati huo kuna mashindano ya makasia ambayo mashua hazipitani, zinagongana, kwa sababu mto Cam ni mwembamba mno.

Kwa hiyo mwezi wako vyuo viko wazi zaidi lakini wenyewe hawapo. Kwaya ya King's kwa kawaida huimba muhula ukiwa unaendelea. Kijana wako atakaowaona wengi ni watalii kama yeye na watoto wa kozi za likizo. Mwambie mapema, asije akadhani ndio wanafunzi.

La mwisho: Cambridge usiende Jumatatu. Makumbusho ya Fitzwilliam, Kettle's Yard na ya wanyama hufungwa. Oxford, makumbusho ya Ashmolean na yale ya dodo hufunguliwa kila siku, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni.

ShangaziBaridi
Umesikia, BintiKae? Stesheni karibu, boti ya viti, dodo, kila siku wazi. Nenda Oxford.

BintiKae
Nilishaandika Oxford kwenye daftari. Kisha mama akaniuliza swali moja: "Na adhuhuri tutasalia wapi?"

mzee_wa_treni
Hapo sasa mwanangu umenigeuzia treni. Cambridge kuna msikiti mkuu, Mill Road, ulifunguliwa 2019. Nguzo zake ni za mbao, zinapanda zikijisuka mpaka darini kama upo chini ya miti, na mwanga unadondoka katikati. Waliouchora ndio walewale wa gurudumu kubwa la London Eye. Mbele kuna bustani. Watu wasio Waislamu nao wanakwenda kuutazama. Kwa teksi kutoka stesheni ni dakika chache tu.

Julai adhuhuri huingia saa 7 na dakika chache. Mnaweza kuanza na bustani ya mimea ya chuo, iko dakika 10 kutoka stesheni, njia tambarare, viti vipo. Kuingia unalipa. Msikitini mkitoka, teksi mpaka katikati, mama anakaa kwenye kanisa la King's au mgahawani, nyinyi wengine ndio muende mashuani. Jua linazama saa 3 na zaidi usiku, hakuna cha kukimbilia.

mpigapondo
Na mashua ya kujisukumia mwenyewe ipo. Kijana wa miaka 14 mpe pondo, ndoto za chuo zitapoa kidogo.

BintiKae
Nimemsomea mama. Amesema mji ni huo wa msikiti wa mbao, mengine mtajua wenyewe. Tutakwenda Alhamisi. Tatizo ni huyu mdogo, nilikwisha kumtajia dodo.

KijanaWaCam
Hakuna tatizo. Makumbusho ya wanyama ya Cambridge yana nyangumi, mifupa ya mita 21 imening'inia juu, na kuingia ni bure. Ndani kuna mifupa ya dodo pia.

ShangaziBaridi
Mifupa tu. Yenye ngozi iko kwetu.

BintiKae
Shangazi, hilo nakuomba libaki humu humu.