Homa ya ini B ndani ya nyumba moja: ni vinasaba?

Mdau wa Masasi: Wakuu, kuna familia huku mama ana homa ya ini B. Watoto wawili wakubwa wanayo, wa mwisho hana. Baba aliugua manjano mwaka juzi, sasa HBsAg yake (alama ya kirusi kwenye damu) haionekani. Majirani wanasema ni damu ya ukoo. Vinasaba vinahusika? Vinapimwa Mtwara?

Maabara_Kusini: Vinahusika, ila anza na umri. Kichanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takribani 9 kati ya 10 hubaki na kirusi. Mtu mzima mwenye kinga nzuri, chini ya 5 kati ya 100. Hapo baba kupona na watoto kubaki nacho hakuhitaji habari za ukoo.

Vinasaba vyenyewe: mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba tofauti ndogo kwenye jeni za HLA-DP, kromosomu ya 6, zinaendana na ugonjwa kuwa sugu. Jeni hizi hutengeneza protini inayoshika kipande cha kirusi na kukionyesha kwa seli za kinga. Kikionyeshwa hafifu, kinga haiamki sawasawa. Lakini ni kuongeza au kupunguza uwezekano tu, si hukumu. Msichanganye na jeni ya IFNL3, hiyo inahusika na homa ya ini C.

Nesi wa Kliniki: Kipimo cha jeni hakibadilishi dawa, pesa msipeleke huko. Huyo mtoto "hana" amepimwa nini? Kama ni HBsAg pekee, hamjui kama ana kinga au bado anaweza kuambukizwa. Ombeni na anti-HBc (inaonyesha kama aliwahi kuambukizwa) na anti-HBs (inaonyesha kinga). Zote tatu zikiwa hasi, achanjwe: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Anti-HBs ipimwe mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Inatakiwa 10 mIU/mL au zaidi. Wale watoto wawili wakubwa warudie HBsAg baada ya miezi 6, pamoja na ALT (kipimo cha madhara kwenye ini) na wingi wa virusi.

Mama akishika mimba tena aseme mapema. Virusi vikiwa vingi, tenofovir (dawa ya kupunguza virusi) huanza wiki ya 28 ya mimba, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24. Chanjo ya wiki ya 6 peke yake imechelewa.

Mdau wa Masasi: Asante dada. Chakula je?

Maabara_Kusini: Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, hasa punje zilizosinyaa au kubadilika rangi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na kirusi hiki, hatari ya saratani ya ini hupanda sana, na kukaanga hakuimalizi.