Naomba ushauri: gari GX100 iliyotolewa masega (kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi), nianzie wapi?

Wakuu habari zenu, nimenunua Toyota Mark II GX100 ya 1999 hapa Dar, bodi safi nataka niirudishe kama ilivyotoka kiwandani, ila mwenye nayo alishatoa masega akaweka bomba tupu na mafla ya kelele (mtaa mzima unajua narudi saa ngapi) na waya wa oksijeni sensa (inayopima oksijeni kwenye moshi) kakata kabisa. Taa ya injini inawaka, nikaunganisha pini za TE1 na E1 za kusomea hitilafu, taa ikahesabu kodi (namba ya hitilafu) 21, ndo hiyo sensa, inakunywa mafuta balaa na plagi nyeusi tii. Fundi mmoja anasema weka sensa, masega achana nayo, mwingine anasema bomba lina tundu kabla ya sensa hivyo hewa inaingia hata sensa mpya itadanganywa. Nianze kuchomelea? Na masega yaliyotumika nayapimaje kama hayajaziba kabla sijatoa hela?