Bariamu titaneti: vidonge vinabanduka na pemitiviti haivuki 400, kosa liko wapi?

kauri_dsm

Wakuu, habari. Natengeneza diski za kapasita za bariamu titaneti (BaTiO3) kwa njia ya kuchanganya unga na kuchoma. Nimechanganya bariamu kaboneti gramu 16.93 na titani dioksidi gramu 6.85, ili nibaki na gramu 20 za BaTiO3. Nimesaga kwenye kinu cha akiki, mchomo wa kwanza nyuzi 1000 kwa saa 4, nikasaga tena. Kisha nikakandamiza bila gundi kwenye kalibu ya mm 13, ile ya vidonge vya KBr (potasi bromidi, chumvi laini ya vipimo vya maabara), kwa tani 8. Mchomo wa mwisho ni nyuzi 1200 kwa saa 4, na tanuri letu ndipo linapoishia.

Karibu nusu ya vidonge vinabanduka tabaka la juu kabla hata ya kuingia tanurini. Vilivyopona vina kipenyo mm 11.9, unene mm 1.2, uzito g 0.60. Nikibana kimoja kati ya visahani viwili vya shaba na kupima kwa kHz 1, napata pF 310 na tan δ (kipimo cha nishati ya umeme inayopotea) 0.18. Kwa hesabu yangu pemitiviti (εr, yaani kauri inazidisha kapasiti mara ngapi kuliko ombwe) ni 378, wakati inayotarajiwa ni 1500 hadi 2000. Halafu vingine nimeviweka kabatini vimeanza kumong'onyoka vyenyewe. Titani dioksidi ni ya duka la malighafi za rangi. Nianzie wapi?

MchiNaKinu

Mkuu, una matatizo manne, na kila moja lina chanzo chake. Ukiyachanganya utazunguka mwaka mzima.

La kubanduka ni shinikizo. Kalibu ya mm 13 ina eneo la mm² 133. Tani 8 juu yake ni karibu MPa 590. Kwa KBr sawa, kwa sababu KBr ni laini na inatiririka ikibanwa. Punje za BaTiO3 hazitiririki. Hewa inanaswa ndani, na ukiachia presi kidonge kinajinyoosha ghafla, tabaka la juu linafunguka kama kifuniko. Shuka hadi MPa 100–150, yaani tani 1.4 hadi 2 tu kwa kalibu hiyo. Panda polepole, shikilia dakika moja, achia polepole zaidi ya ulivyopandisha. Na usikandamize bila gundi: chukua PVA (polivinili alkoholi, gundi inayoyeyuka majini) ya asilimia 5 kwenye maji, weka ml 0.2–0.3 kwa kila gramu ya unga, changanya, kausha hadi unyevu ubaki kidogo sana, kisha pitisha kwenye chekeche ili upate chembe zinazomiminika. PVA lazima iungue taratibu: nyuzi 1–2 kwa dakika hadi 600, kaa hapo saa moja, ndipo uongeze kasi. Ukikimbia hapo gesi itapasua kidonge.

Densiti yako ni g 0.60 kwa cm³ 0.133, yaani karibu 4.5. BaTiO3 kamili ni 6.02. Uko asilimia 75, robo nzima ni matundu. Unga wa njia hii hutaka nyuzi 1300–1350 ili ushikane vizuri. Kwa 1200 hautafika, hata ukiuacha usiku kucha.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii. Matundu ya asilimia 25 peke yake yangekushusha kutoka kama 1700 hadi kama 1050, si 378. Kilichobaki ni hewa kati ya visahani na kidonge. Piga hesabu: mm 1.2 za kauri yenye εr 1050 zina kapasiti sawa na mikromita 1.1 tu za hewa. Kauri isiyosuguliwa haigusani na shaba ila kwenye vilele vichache. Ukiwa na pengo la mikromita moja tu kila upande, jumla inakuwa kama 3.1, na mita itakuonyesha εr karibu 380. Ndiyo namba yako hiyo. Kwa hiyo kabla ya kugusa tanuri, tengeneza elektrodi.

Sugua pande zote mbili kwa msasa wa silikoni kabaidi namba 600 kisha 1200 hadi ziwe bapa na sambamba. Osha kwa ethanoli, kausha nyuzi 150. Paka rangi ya madini ya fedha pande mbili, ukiacha ukingo mtupu, maana tone likivuka ukingo umepata shoti. Kama ni ile yenye unga wa kioo ndani, ichome nyuzi 550–600 kwa dakika 15–20. Ile ya kukauka kwenye hewa nayo inafaa kwa kipimo cha awali.

bi_oksidi

Hilo la kumong'onyoka kabatini ni titani dioksidi yako. Ya rangi hufunikwa alumina na silika ili isiharibu rangi juani, na TiO2 halisi ndani yake inaweza kuwa asilimia 93 hivi. Ukipima gramu 6.85 umeweka kama 6.4 tu. Bariamu inazidi, inatokea Ba2TiO4, na hiyo hufyonza unyevu wa hewa, inavimba na kuvunja kidonge. Kwa hewa ya Dar au Mombasa haihitaji muda mrefu. Silika nayo hukaa kwenye mipaka ya punje na kushusha pemitiviti. Nunua ya maabara, 99% au zaidi. Mchanga wa rutaili (madini ya titani dioksidi) wa Kwale nao usiufikirie: ni madini mazuri, lakini una chuma, na chuma kinaingia mahali pa titani ndani ya fuwele na kuharibu tabia za umeme.

Kipimo rahisi kisichohitaji mashine: kausha bariamu kaboneti nyuzi 200 kwa saa kadhaa, pima, kisha pima bakuli kabla na baada ya mchomo wa kwanza. Kaboni dioksidi inayotoka inapaswa kuwa asilimia 15.9 ya mchanganyiko. Kwa gramu zako 23.78 ni gramu 3.78. Ukipoteza pungufu, kaboneti haijaisha. Nyuzi 1000 ni kidogo kwa unga uliosagwa kwa mkono. Nenda 1100, saga tena, rudia.

Na tafadhali sana: bariamu kaboneti ni sumu. Haiyeyuki vizuri majini, lakini asidi ya tumboni inaiyeyusha, na watu wameitumia kuulia panya. Vaa barakoa ya N95 na glavu, saga ikiwa na ethanoli ili vumbi lisiruke, na usile chochote chumba hicho.

kauri_dsm

Asanteni sana. Elektrodi na unga nitavirekebisha. Ila nyuzi 1300 sina. Je, kuna njia ya kupata densiti nzuri chini ya 1200?

MchiNaKinu

Ziko tatu ninazoweza kukushauri.

Ya kwanza ni lithi floridi. Ongeza asilimia 1–2 kwa uzito baada ya mchomo wa kwanza, saga ichanganyike, na mchomo wa mwisho unaweza kushuka hadi karibu 900–950. Inatengeneza kimiminika kinachovuta punje pamoja. Gharama yake: lithi na florini huingia kwenye fuwele na kuhamisha nyuzi za Curie (joto ambapo pemitiviti hufika kileleni) kwenda chini, kwa hiyo kwa utafiti wa BaTiO3 safi haikufai. Kwa kapasita inafaa. Funika kidonge, na usikiweke moja kwa moja juu ya alumina kwa sababu kitashikana nayo. Tandika unga wa BaTiO3 chini.

Ya pili ni kununua unga wa haidrothemo (uliotengenezwa ndani ya maji moto yenye shinikizo) wenye punje za nanomita 100 hivi, unaoweza kushikana karibu na nyuzi 1200, mwisho wa tanuri lako.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa maabara yenye kemia nzuri na tanuri dogo: oksaleti. Unaangusha bariamu titanili oksaleti kutoka kwenye mmumunyo, unaosha, unachoma nyuzi 750–850. Bariamu na titani zinatoka ndani ya molekuli moja, uwiano 1:1 unajishika wenyewe, na punje ni ndogo. Titani kloridi inayotumika kuandaa mmumunyo huo hutoa moshi wa asidi ikigusa unyevu, kwa hiyo bila kabati la kuvuta moshi usianze.

Jambo moja la tanuri: themokapo (kipimajoto cha tanuri) ya aina K ikikaa sana karibu na 1200 inachakaa na kusoma vibaya. 1200 inayoonyeshwa na tanuri si lazima iwe 1200 ya kidonge.

bi_oksidi

Niongeze kuhusu tan δ. 0.18 ni kubwa mno. Kidonge kizuri kwa kHz 1 kiko karibu 0.01–0.02. Chako kina matundu wazi, yamenyonya unyevu, na unyevu unapitisha umeme. Kikaushe nyuzi 150 kwa saa mbili, kipoe kwenye chombo chenye silika jeli, pima mara moja. Kisha pima tena kwa Hz 100 na kHz 100. Kapasiti ikipaa sana kwenye Hz 100 na kushuka ukipanda, hicho ni maji au ioni zinazotembea, si BaTiO3.

Ukishapata elektrodi, tumbukiza kidonge kwenye mafuta ya silikoni na upime kila nyuzi 5 kutoka 25 hadi 150. BaTiO3 safi inapanda kilele kati ya 120 na 130. Kilele kikiwa mahali pake lakini kifupi, rudi kwenye densiti na elektrodi. Kikiwa kimesogea chini au kimetanuka hadi hakionekani, tafuta uchafu kwenye unga.