Lori la farasi linakaa wiki nane bila kutoka: swichi, chaja, sola au kung'oa betri?

MamaFarasi_Njoro
Hamjambo wote. Nina Isuzu FRR iliyojengwa bodi ya kubeba farasi wanne, na mbele yao kuna chumba kidogo cha saisi, mtunza farasi wangu. Linatoka labda mara tano kwa mwaka: polo Gilgil, mashindano Nairobi, au farasi akihitaji kupelekwa kwa daktari. Siku nyingine zote liko chini ya banda la mabati. Mfumo wake ni volti 24, betri N100 mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, na ndani ya miaka mitatu nimeshanunua jozi mbili.

Mwezi uliopita farasi wa binti yangu alishikwa na msokoto wa tumbo saa nane usiku. Saisi akageuza ufunguo, stata ikasema "tk" na kunyamaza. Tulimwamsha jirani aje na lori lake atubusti, na muda wote huo mnyama anajibwaga chini na kuinuka, jasho linamtiririka kifuani. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini sitaki kuuona usiku kama ule tena.

Saisi wangu huliwasha kila Jumatatu dakika kumi, na bado betri zinakufa. Nimeshauriwa swichi ya kukata umeme, chaja ya stima, paneli ya sola, au kuzing'oa kabisa. Wenye kutumia, niambieni.

Dereva_Eldoret
Mama, hiyo ya Jumatatu iache leo. Injini ikinguruma bila kwenda, alternata inazunguka polepole na chaji inayotoka ni kidogo. Betri iliyoshuka huchukua saa nyingi kujaa, hasa ile robo ya mwisho. Tena injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Kama ni kuliwasha, liendeshwe karibu saa nzima, Njoro mpaka Elburgon na kurudi, kila wiki mbili. Hapo hata breki na tairi zinafaidika.

Mimi yalinikuta Timboroa na farasi wawili nyuma. Tulisimama kukagua kamba, nikazima injini, basi. Kule baridi ni kali, na betri dhaifu ikipata baridi inakosa nguvu kabisa. Farasi mmoja alianza kupiga ubao kwa kwato za nyuma, mpaka leo alama zipo. Lori likitembea farasi hutulia, likisimama muda mrefu hapati amani.

FundiWaWaya_Kisumu
Pole sana mama kwa usiku ule. Kabla hujanunua chochote, pima, maana hizo njia nne hazifanyi kazi moja. Swichi inazuia umeme usivuje. Chaja na sola zinarudisha umeme. Kung'oa kunazuia kuvuja, lakini betri bado inashuka yenyewe polepole hata ikiwa kabatini.

Betri nzima ya asidi iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa, inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikisoma 11.8 imeisha. Ikikaa wiki nyingi chini ya 12.4, salfeti inaganda kwenye sahani zake na kuwa ngumu, na chaji ya kawaida haiitoi tena. Hicho ndicho kinachoua betri za magari yanayolala. Hazichoki kwa kazi, zinaharibika kwa kukaa na njaa.

Sasa tafuta kinachokula. Zima kila kitu, funga milango, fungua waya wa negativu, weka mita kati ya waya huo na betri, kwa upande wa ampea. Lori lenye traka, spidi gavana na redio linaweza kuvuta mili-ampea 80 likiwa limezimwa. Hiyo ni karibu ampea-saa 2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 100 inafika nusu kwa siku 25 hivi. Wewe unakaa wiki nane.

Onyo moja: mita ikiwa hapo katikati usimruhusu mtu aguse ufunguo wa kuwasha, fyuzi ya mita itaungua.

Na pima kila betri peke yake. Usipime zote mbili kwa pamoja ukaridhika.

Mkulima_Molo
Mimi natumia chaja, ya volti 24, ile ambayo betri ikijaa inajishusha yenyewe mpaka volti 27 na kidogo. Imekaa kwenye lori langu la ng'ombe mwaka wa tatu na betri ni zilezile. Ila ya kwanza niliyouziwa mjini ilikuwa ya bei ndogo, haina kujishusha. Niliiacha wiki mbili, nikakuta seli zimekauka na harufu ya mayai yaliyooza imejaa banda lote. Betri zote mbili zikaenda. Kwa hiyo ukichagua chaja, usibane pesa hapo. Stima ikipotea siku mbili tatu si neno, inaendelea ikirudi.

FundiWaWaya_Kisumu
Naongeza kwa Mkulima: betri ikichaji inatoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Kwenye banda lenye nyasi kavu hilo si la kuchezea. Hewa ipite, na chaja izimwe kwanza ndipo vibanio vitolewe.

Polo_Gilgil
Sola, bila kusita. Banda letu halina stima kabisa. Lakini kuna kosa ambalo watu wengi hufanya: wananunua paneli moja ya "volti 12" na kuifunga kwenye lori la volti 24. Paneli hiyo inatoa kama volti 18 jua likiwaka, haiwezi kusukuma chaji kwenye 24. Funga mbili kwa mfululizo, za wati 20 kila moja, na kontrola (kidhibiti cha chaji) ya volti 24. Hata Julai, mawingu yakitanda siku nzima, zinafidia kile anachosema Fundi. Paneli ziwe juu ya mabati, si juu ya lori lililo kivulini, na bolti zake zichomewe, la sivyo zitaibiwa. Vumbi lipanguswe.

SaisiMstaafu
Sisi zamani tulizing'oa, tukaziweka juu ya ubao. Kamwe si juu ya sakafu ya saruji, inanyonya moto wa betri.

FundiWaWaya_Kisumu
Mzee wangu, kuhusu kung'oa uko sawa, hasa kama gari linalala mwaka mzima. Kuhusu saruji, hilo lilikuwa na maana enzi za makasha ya mbao na mpira. Kasha la plastiki halipitishi kitu. Ila kwa mama sipendekezi kung'oa: N100 moja ina uzito wa karibu kilo 25, na farasi akiugua usiku nani atazibeba na kuzifunga gizani?

SaisiMstaafu
Hapo umesema kweli, mwanangu. Lori la farasi lazima liwe tayari saa zote.

MamaFarasi_Njoro
Nimepima leo. Zote mbili pamoja: 24.4. Moja moja: ya juu (upande wa pozitivu) 12.5, ya chini (upande wa chesisi) 11.9. Uvujaji mili-ampea 95. Mbona hazilingani na zilinunuliwa siku moja?

FundiWaWaya_Kisumu
Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kuna mtu amechukua volti 12 kutoka betri moja. Angalia waya mwembamba unaotoka katikati, pale betri mbili zinapoungana.

MamaFarasi_Njoro
Upo. Mwekundu, umefungwa kwa utepe mweusi. Unalisha redio ya chumba cha saisi na feni ya farasi.

FundiWaWaya_Kisumu
Betri ya chini inalisha lori zima na redio juu yake, ya juu inalisha lori tu. Alternata inazichaji kama kitu kimoja, basi ya juu inazidishiwa na ya chini haishibi. Toa huo waya, weka kigeuzi cha kutoka 24 kwenda 12, redio na feni zipite hapo.

Na sikiliza kuhusu swichi. Ukiiweka kwenye pozitivu ya juu, waya kama huo unabaki hai. Iweke kwenye negativu inayokwenda kwenye chesisi, inakata vyote. Negativu ya kontrola ya sola ifungwe kwenye betri yenyewe, si kwenye chesisi, na pozitivu iwe na fyuzi, ndipo iendelee kuchaji hata swichi ikiwa imekatwa. Traka ina betri yake ndogo ya ndani, lakini waarifu wenye traka kabla hujaikata.

Kwanza chaji kila betri peke yake kwa chaja ya volti 12, kisha pima maji yake kwa hidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri. Seli iliyojaa inasoma karibu 1.265. Kiwango kikiwa chini ongeza maji safi ya betri, si asidi.

MamaFarasi_Njoro
Narudi na majibu. Betri ya juu seli zote 1.260 na zaidi. Ya chini, seli ya tatu ilikataa kupita 1.190 hata baada ya usiku mzima. Nimekubali kununua jozi mpya, za tarehe moja, maana mmenieleza nisichanganye kuukuu na mpya. Ile nzima sasa inawasha taa za banda.

Nimeweka swichi kwenye negativu na paneli mbili juu ya mabati. Chaja nimeiacha, stima yetu hupotea mno. Kila Jumamosi ya pili saisi analipeleka lori Elburgon.

Jana ilikuwa wiki ya sita tangu niweke hivyo vyote. Nilipima alfajiri, kabla jua halijagusa paneli: 12.7 na 12.7. Saisi akarudisha umeme kwa swichi, akageuza ufunguo, likawaka mara moja. Yule farasi wa binti yangu aliinua masikio pale mlangoni kwake, kisha akarudi kwenye nyasi zake.