Mjadala: Je, halmashauri ina haki ya kunipangia urefu wa uzio wangu?

Hoja iliyo mezani ni hii: mwenye kiwanja anaponyimwa kibali cha kujenga ukuta mrefu, je, ananyang'anywa haki yake au anazuiwa kuwadhuru wengine? Wanaopinga kanuni husema kwamba ardhi ni yao, wanaoibiwa ni wao, na gharama ni zao. Uchungu wao nauelewa, lakini uzio una pande mbili, na walio upande wa pili hawakuulizwa.

Tutazame langoni. Gari linapotoka kinyumenyume katikati ya kuta mbili za matofali zilizofika hadi ukingo wa barabara, nyuma yake huwa imekwishaingia kwenye njia ya waenda kwa miguu kabla dereva hajaweza kumwona mtoto anayepita. Ndiyo maana naiunga mkono kanuni ya England, ambako kwa kawaida uzio unaopakana na barabara ya magari hauzidi mita 1 bila kibali, ilhali kwingineko kiwanjani unaruhusiwa kufika mita 2. Anayetaka faragha anaipata uani, na hapo sina ugomvi naye.

Tena kuna uzio unaojengwa kwa chuki tupu. Katika miaka ya 1870, mjini San Francisco, tajiri wa reli Charles Crocker aliposhindwa kununua kiwanja cha jirani yake Nicholas Yung, aliizingira nyumba hiyo pande tatu kwa uzio wa mbao wa takriban mita 12, akamkatia jua. Mwaka 1887 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria inayouhesabu uzio unaozidi futi 6 pasipo haja, uliojengwa kwa nia ya kumuudhi jirani, kuwa kero ambayo aliyeathirika anaweza kuidai fidia mahakamani.

Ninapoachana na watetezi wa kanuni ni pale halmashauri inapoanza kuchagua rangi ya ukuta na aina ya tofali, kwa sababu rangi haimgongi mtu wala haimzibii jirani mwanga.

Linalobaki gumu ni kuta zilizosimama kabla ya kanuni kupitishwa. Kwa maoni yangu, zisibomolewe zote. Zipunguzwe kandokando ya malango na kwenye pembe za barabara tu, na pengo lizibwe kwa nondo au wavu unaopitisha macho. Lakini je, gharama ailipe mwenye nyumba, aliyejenga wakati hakuna katazo, au halmashauri iliyochelewa kuweka kanuni? Mimi naona ni halmashauri, na mwenye hoja ya kinyume aitoe.