iOS 26 inakuja Septemba 2025: wenye iPhone 11 tuiweke au tuiache?

Mwenye Kumi na Moja, Dodoma
Wakuu, habari za jioni. Nina iPhone 11 ya GB 64, niliinunua mtumba mwaka juzi, betri sasa inasoma asilimia 79. Tangu Apple waitangaze iOS 26, mfumo mpya wa kuendesha iPhone, hapo Juni 9 nasikia maneno mawili yanayogongana. Wapo wanaosifia muonekano mpya wa vioo, huo Liquid Glass. Wapo wanaosema hivyo vioo vitaimaliza simu ya zamani. Kwenye orodha ya simu zitakazoipata, 11 ndiyo tumeponea chupuchupu, iPhone XR na XS zimeachwa. Simu hii ndiyo duka langu: oda za keki zinaingia WhatsApp, malipo yanaingia M-Pesa. Ikigoma siku moja ya Ijumaa, keki za harusi za Jumamosi zimenilalia. Mwenye uzoefu anisaidie. Niiweke ikitoka tu, nisubiri, au nibaki na iOS 18 niliyonayo?

Fundi wa Aggrey
Subiri, dada. Iliyopo sasa ni ya majaribio, kwa hiyo anayekuambia itakuwa tamu au chungu anabahatisha. Ila shida yako naiona kwenye betri kabla ya apdeti. Chini ya 80 simu yenyewe inakuandikia kwamba betri inataka huduma. Badilisha betri kwanza, halafu tuzungumze.

Jambo la pili. Siku mbili tatu za mwanzo baada ya apdeti kubwa simu inafanya kazi ndani kwa ndani: inapanga upya picha, inapekua mafaili. Inapata moto, chaji inakimbia. Kila Septemba kibandani kwangu inakuwa foleni ya watu wameshika simu za moto wanasema zimeharibika. Nawarudisha nyumbani, iache kwenye chaji usiku kucha siku mbili, na wengi hawarudi. Na ujue ukishapanda, Apple wakifunga mlango wa toleo la nyuma huwezi kushuka tena. Hakuna fundi Kariakoo nzima wa kukushusha.

Sina Imani Nao
Fundi unawatetea watu waliokamatwa mchana kweupe. 2018 Apple walikiri kwa midomo yao kwamba walikuwa wanazipunguza kasi simu za zamani kwa apdeti. Watu wakadhani simu zimechoka, wakanunua mpya. Leo unamwambia huyu dada abadilishe betri? Betri ndiyo kisingizio chao hicho hicho!

Mkenya wa Nakuru
Ilikuwa Desemba 2017, ndugu, si 2018. Na kama tunasema tuseme yote. Iliyoleta lile jambo ni iOS 10.2.1 ya mapema mwaka huo, kwa simu za 6, 6s, SE na baadaye 7. Betri ikichoka, simu ilikuwa inazima ghafla ikihitaji nguvu nyingi kwa mkupuo, ndipo wakaipunguza kasi isizime. Kosa lao kubwa ni kutomwambia mwenye simu. John Poole wa Geekbench, ile programu ya kupima kasi ya simu, ndiye aliyechora grafu zikaonyesha kasi inashuka kwa ngazi, siku chache baadaye wakakiri. Wakaomba radhi, betri ikashuka kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018, na iOS 11.3 ikaleta ile sehemu ya kusoma afya ya betri. Hiyo asilimia 79 anayoisoma dada wa Dodoma imetoka kwenye kesi hiyo hiyo. Kwa hiyo fundi hajakosea. Simu nyingi zilirudi kasi yake kwa betri mpya tu.

Sina Imani Nao
Tarehe umenisahihisha, nashukuru. Ufaransa waliwapiga faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, Italia milioni 10 kabla ya hapo. Mtu hapigwi faini nchi mbili kwa kumfanyia mteja hisani.

Kijana wa Ubungo
Nyie mnabishana mambo ya kale. Mimi nina XR, imeshakatwa, sina cha kubishana. Naiuza wiki hii kabla watu hawajajua. Wenye XR na XS fanyeni hivyo hivyo, Septemba ikiingia bei inakuwa ya kutupa.

Mama Wawili, Morogoro
Kabla watu hawajajua. Kijana wangu, hao watu unaowasema ni akina nani?

Nikuambie mmoja. Mdogo wangu amenunua XR mwezi wa saba kwenye duka moja, sitalitaja, kwa kulipa kidogo kidogo. Kila Ijumaa anapeleka elfu ishirini, na ana daftari dogo muuzaji anamtilia sahihi. Nilikuwa naye dukani. Aliuliza kwa mdomo wake, hii simu itaendelea kupata apdeti? Akajibiwa, dada, iPhone hizi miaka mitano huna wasiwasi. Orodha ilikuwa imeshatoka mwezi mzima. Yule muuzaji alikuwa anajua. Mdogo wangu atamaliza kulipa mwezi wa kumi na mbili, miezi mitatu baada ya simu yake kuachwa. Sasa wewe unaita hiyo akili ya biashara.

Kijana wa Ubungo
Mama, heshima yako. Mimi sijamuuzia mdogo wako, na sijamdanganya mtu. Orodha iko wazi, imewekwa na Apple wenyewe, na kila mtu ana intaneti mkononi. Anayenunua simu ya laki tano bila kuuliza ni mvivu. Akiniuliza nitamjibu. Asipouliza, si kazi yangu kumsomesha.

Mzanzibari wa Muscat
Hapana, mwanangu, hapo umeteleza. Mimi nimekaa sokoni huku miaka kumi na mbili. Simu nyingi za mtumba mnazoziona Kariakoo na Darajani zimepita Dubai, na naijua ile kazi: unapewa sanduku la simu mia, unazipanga kwa hali zake. Hii kioo kimebadilishwa, hii betri si yake, hii haisomi uso. Tumefundishwa na wazee wetu kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu lazima aibainishe aibu ile kwa mnunuzi, aulizwe asiulizwe. Kukaa kimya ni kuficha. Wewe unajua, yeye hajui, na bei umeipanga juu ya kutojua kwake. Wiki hii unaiuza kwa sababu hiyo tu, umesema mwenyewe.

Fundi wa Aggrey
Mzee, shikamoo. Kwenye kubainisha niko na wewe. Lakini tusiite aibu kitu ambacho si aibu, mtawatia watu hofu ya bure. XR haifi Septemba. Itabaki na iOS 18 na itafanya kazi zake zote. iPhone 5s ni ya 2013, iOS yake ya mwisho kubwa ilikuwa 12, lakini Januari 2023 bado ililetewa 12.5.7 ya kuziba mianya ya usalama. Kinachoua simu si kukosa vioo vipya. Ni programu zikianza kuikataa. WhatsApp tangu Mei 5 mwaka huu wa 2025 inataka iOS 15.1 kwenda juu, ndipo 5s na 6 zikakatika. XR iko 18, pale pana nafasi ya miaka. Mama Wawili, mdogo wako hajatupa hela.

Mama Wawili, Morogoro
Fundi nakushukuru, umenitoa presha kidogo. Ila sikusema simu imekufa. Nimesema aliuliza akadanganywa. Ukiwa na miaka mitatu ya kuitumia au saba, jibu alilopewa lilikuwa uongo, na sahihi ya Ijumaa inaendelea kutiwa juu ya uongo huo.

Mwalimu wa Iringa
Naomba niulize jambo ambalo kila mwaka halijibiwi. Tunangojea apdeti kama mvua ya masika, na ndani yake kuna nini cha kwetu? Siri, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, bado haisikii Kiswahili. Mama yangu ana simu ya Android ya bei ndogo na menyu yake yote ni ya Kiswahili, anasoma mwenyewe bila kuita mjukuu. Mimi mwenye simu ya gharama naiambia Siri impigie mama, natafutiwa mtu mwingine.

Sina Imani Nao
Mwalimu umenigusia pale pale. Hiyo Siri mpya waliionyesha Juni 2024, ikasaidia kuuza simu, halafu Machi 2025 wakasema imeahirishwa. Na hiyo Apple Intelligence, akili bandia yao, inaanzia iPhone 15 Pro. Kwa hiyo mwenye 11 anapewa rangi ya nyumba, umeme haufiki kwake. Ndiyo maana sina imani.

Mkenya wa Nakuru
Kuahirisha ni kweli, na mimi iliniudhi. Lakini kusema kila apdeti inaua simu ya zamani, hapana. iOS 12 ya 2018 ilikuja kwa simu zile zile zilizopata 11, hawakuacha hata moja, na 5s ikawa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Nilikuwa nayo, naandika kwa ushahidi wa vidole vyangu: kibodi ilikuwa inachelewa herufi mbili tatu nyuma, ikaacha. Tuwahukumu toleo kwa toleo. Na wenzetu wa Android mjiangalie: Samsung wameahidi miaka saba kuanzia S24, lakini simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa mitaani kwetu zikipata toleo moja jipya mwenyewe anachinja kuku.

Kijana wa Ubungo
Naona mnakwepa. Mzee wa Muscat, unasema nimepanga bei juu ya kutojua kwake. Na aliyeniuzia mimi 2022 aliniambia nini? Alinificha kwamba kioo si cha asili, nimekigundua mwenyewe jua likiniwakia kwenye daladala, sioni kitu. Hakuna aliyenionea huruma. Nina mdogo anaingia kidato cha tano, hiyo laki tano ndiyo godoro, sanduku na nauli. Mnanifundisha uadilifu kwa gharama yangu.

Mzanzibari wa Muscat
Pole kwa kioo. Kweli nakupa pole. Lakini ulivyoandika ile habari ya daladala, mpaka leo inakuuma, na ni miaka mitatu. Huyo atakayekuja kwako ana kiasi gani? Huenda na yeye laki tano hizo ni za godoro.

Mwenye Kumi na Moja, Dodoma
Samahani kuwakatiza. Nimefuatilia yote. Fundi, nimekubali kuanza na betri. Kuna mtu huku ananiambia atanibadilishia kwa bei ndogo sana na asilimia itasoma 100. Niende?

Fundi wa Aggrey
Usiende kwa sababu ya hiyo 100. Kwenye 11 betri isiyo ya asili ikiwekwa, simu inakuandikia kwamba imeshindwa kuithibitisha. Zipo njia za kuifanya isome 100 huku betri ni ya kawaida tu, na ndizo zinazokuja kwangu zimevimba zimeinua kioo pembeni. Mwambie akuonyeshe betri kabla hajafungua simu, akuandikie dhamana, na umwangalie anapofunga: gundi ile ya kuzunguka kioo akiiacha, tone la maji tu jikoni kwako limeingia. Halafu picha zako za keki zitoe, weka kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. GB 64 ikiwa imejaa, apdeti itakwama katikati. Ikitoka Septemba usiiguse. Ngoja ile ya marekebisho ya kwanza au ya pili, kisha uiweke Jumapili usiku, si Ijumaa.

Mwenye Kumi na Moja, Dodoma
Sawa kaka. Jumapili. Nimeandika.

Mama Wawili, Morogoro
Kijana wa Ubungo, mimi nimezaa, naijua hiyo hesabu ya godoro na sanduku. Sikukasirishwa na wewe kuuza. Uza. Kilichonichoma ni yale maneno matatu.

Kijana wa Ubungo
Kuna jamaa wa Mbezi anakuja kuiona kesho saa nne. Amepiga sasa hivi, sauti ya mtu mzima, anasema anamnunulia binti yake. Sawa, nitamwambia ya Septemba, na ya kioo pia nitamwambia. Lakini bei siishushi hata mia.

Mzanzibari wa Muscat
Bei ni yako, mwanangu. Hiyo hatujakuingilia.

Sina Imani Nao
Atashusha. Akishaambiwa ya kioo, yule jamaa wa Mbezi ataanza na laki tatu na nusu.